Adabu Ilivyomtia Mwikwabe Ndani

Jumatatu, 3 Machi
Kalamu inatoboa karatasi kwa hasira! Polisi wamefagia machimbo ya dhahabu ya Masara, wakambeba binamu yangu Mwikwabe. Ati ameingia Kenya bila karatasi. Karatasi gani? Nyumba ya nyanya iko Kenya, choo chake kiko Tanzania. Huvuka mpaka mara nne kwa siku. Sita, akila maharagwe.
Walimjuaje? Alimwambia afande, "Shikamoo, naomba maji." Huku kwetu mtu husema leta maji! Ijumaa ni korti: jela, kisha kurudishwa Tarime, Tanzania, alikolelewa. Na mkewe Edinah amejifungua juzi, hapa hapa kwetu. Mtoto hata jina hana.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata mbinu. Namfundisha Kiswahili kibovu, akiongea kortini waone ni wetu. Nilipeleka ugali seli nikanong'ona masharti: usiombe, usishukuru, sema "si unipee". Akajibu, "Ahsante sana dada, naomba urudie." Nusura nimpige na sufuria! Konstebo akauliza tunanong'ona nini. Mimi na aibu zangu! Nikasema tunasali. Akavua kofia, akangoja amina. Ikabidi tusali.

Jumatano, 5 Machi
Levis wa darasa letu, mdomo kama spika ya krusedi ya injili, anasema shangazi ni Mkenya, kwa hivyo mwanawe Mwikwabe pia ni Mkenya, katiba imesema. Tuchukue kitambulisho cha shangazi, chifu aandike barua. "We Mellen, kwani unaogopa chifu?"
Naogopa. Hilo naliandika hapa tu. Lakini nani alimuuliza Levis? Nikamwambia hiyo ni kesi ya familia.

Alhamisi, 6 Machi
Maendeleo! Mwikwabe amenisalimia "niaje" bila kuomba radhi.

Ijumaa, 7 Machi
Hakimu alimuuliza kama ameelewa shtaka. Mwikwabe, kwa sauti: "Niaje, mhesh! Si uniachilie!" Korti nzima ikacheka. Hakimu hakucheka. Akasoma maelezo ambayo Mwikwabe aliandikisha polisi, Kiswahili safi kama kamusi, akauliza kama huyu ni mtu mmoja au wawili. Arudi seli siku kumi na nne, uraia uchunguzwe. Kungekuwa na kitambulisho cha mama na barua ya chifu, akasema, tungemaliza leo.
Levis akanigeukia. Nilitamani kumng'ata. Edinah akalia, mtoto akalia.
Sheria gani hii, kumfungia baba kwa mstari ambao hata ng'ombe wetu hawauoni!
Lakini siku kumi na nne... Sasa ndio tuna muda. Shida ilikuwa lafudhi tu. Kesho naanza na matusi.