Ombi la Kukigawa Chumba cha Kumi na Nne kwa Mfano wa Amani ya Westfalia

Al Rayyan, Doha
Aprili 2014

Kwa Bwana Njenga,
Msimamizi wa Makazi.

Mheshimiwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe pamoja na gari lako, ambalo natumaini paa lake limeshanyooshwa. Mimi ni Wycliffe Barasa, mlinzi wa geti kule mtaa wa The Pearl, na kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa historia Bungoma. Nimesoma tangazo lako ukutani kwamba mwisho wa mwezi chumba chetu kitagawanywa kwa dini: Harun, ambaye ni Mwislamu wa Mumias, abaki hapa Al Rayyan, sisi Wakristo, yaani Eugene Mkatoliki wa Masaka, Kiprop Msabato, na mimi Mwanglikana, tuhamie Al Wakrah. Tumeishi pamoja sisi wanne tangu tuliposhuka ndege moja, na wenzangu wamenuna. Mimi sikununa. Nimeona nikuandikie kukupongeza, maana historia iko upande wako, na kukusihi usiishie njiani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu Ijumaa. Hapa Doha siku ya mapumziko ni Ijumaa, kwa hiyo dini zote zimejibanza humo. Harun ana sala yake ya Ijumaa, Eugene na mimi tunakwenda ibada ya Jumapili siku hiyohiyo ya Ijumaa, na jua likizama tu, Sabato ya Kiprop inaingia. Jiko ni moja na sufuria kubwa ni moja. Kwaresima ilipofika, Harun alitaka pilau ya nyama na Eugene akasema Ijumaa hali nyama hata akibembelezwa. Sikutaka waumane. Niliwaeleza kwamba Wazungu waliwahi kuchinjana kwa mambo kama haya, na mwaka 1555 wakapatana kule Augsburg kwamba mwenye nchi ndiye mwenye kuchagua dini ya nchi. Nikapendekeza sheria ya chumba: mwenye zamu ya kupika ndiye mwenye dini ya sufuria. Walinipigia makofi, na nakiri kwamba yalinikolea.

2. Kuhusu kasoro ya sheria hiyo, ambayo nilipaswa kuiona, kwa kuwa nimeifundisha Kidato cha Tatu mpaka chaki ikaniisha. Augsburg waliwakumbuka Wakatoliki na Walutheri, wakawasahau Wakalvini. Sisi tulimkumbuka Harun na Eugene, tukamsahau Kiprop. Zamu ya Eugene ilipofika alipika kambale mkavu aliyeletewa kutoka kwao, na harufu yake ikafika mpaka ghorofa ya juu. Kiprop alisimama mlangoni akasema, “Mimi siwezi kula samaki hana magamba. Na hiyo sufuria nitaipikia nini tena?” Eugene akamjibu, “Ssebo, bwana wangu, leo sufuria ni Katoliki. Muulize Mwalimu.” Kiprop hakuniuliza; aliinyakua sufuria.

3. Kuhusu dirisha. Vita vya Miaka Thelathini, Mheshimiwa, vilianza Praha kwa waheshimiwa kurushwa nje kupitia dirishani. Inasemekana waliangukia jaa la samadi, wakanyanyuka wazima. Sufuria yetu haikupata bahati ya samadi. Iliangukia gari lako, na ndipo ulipoandika lile tangazo. Naomba uelewe kwamba hukugongewa paa na wahuni. Uligongewa na mkondo wa historia, na si wengi wanaojaliwa hilo.

4. Kuhusu mazungumzo ya amani. Kule Westfalia, vita hivyo vilipomalizwa, maadui walikataa kukaa mji mmoja, wakajadiliana wakiwa katika miji miwili, barua zikipelekwa huku na huku. Nasi tulifanya hivyohivyo. Eugene alikaa jikoni, Kiprop kwenye ngazi, na mimi nikapanda na kushuka nikibeba maneno yao, kila neno nikilipunguza makali njiani. Harun alikuwa amelala kitandani akitutazama. Akaniuliza, “Mwalimu, wewe ulikuja Qatar kulinda geti ama kugawa Ulaya?” Swali hilo nililiona la mtu asiyependa amani.

5. Kuhusu mamlaka. Mwaka 1648 watawala walikubaliana, kwa jinsi nilivyokuwa nikiwafundisha watoto wa watu, kwamba mambo ya ndani ya nchi ni ya mwenye nchi, na jirani asiyaingilie hata akijiona ana Mungu zaidi. Basi nasi tulitia saini kwamba kila kitanda ni nchi huru. Pazia ndilo mpaka. Kila mtu na sufuria yake ndogo, kijiko chake na imani yake. Choo tulikiacha kiwe bahari kuu, isiyo ya taifa lolote. Malalamiko yangu hapa ni juu ya soksi za Kiprop, anayelala kitanda cha juu yangu, ambazo huning'inia katika anga yangu bila idhini. Nilipomwandikia barua ya kidiplomasia, aliitumia kufungia maandazi.

6. Kuhusu rimoti ya kiyoyozi. Nilidhani dini ikishatengwa, ugomvi utakwisha. Kumbe Ufaransa ya Kikatoliki iliwahi kuwasaidia Waprotestanti wampige Mkatoliki mwenzake, kwa sababu za jirani na jirani tu. Hapa Eugene ameungana na Harun kutaka baridi kali, nami nikalazimika kuungana na Kiprop na soksi zake. Hakuna anayetaja tena Kwaresima wala magamba. Sasa kila mmoja anaogopa mwenzake asipate nguvu kupita kiasi, na rimoti inalala chini ya mto wa mtu tofauti kila siku.

Kutokana na hayo, naomba tangazo lako litekelezwe, tena lizidishwe. Kugawa Waislamu na Wakristo hakutoshi, kwa kuwa Wakristo watatu tukifika Wakrah tutakuwa na dirisha lingine. Mpe kila mtu chumba chake. Ikishindikana, ujengwe ukuta wa mbao kati ya vitanda, kila nchi iwe na balozi, na anayetaka kuomba chumvi apeleke maombi kwa maandishi.

Nakutakia afya na barabara zisizopita chini ya madirisha. Wasalimie Mama na watoto kule Nyeri, msalimie karani wako, dereva wa basi letu, na yule bwana wa Kerala anayetuuzia vitunguu. Ni mimi mtiifu wako katika mambo yote yasiyo ya ndani ya kitanda changu,

Wycliffe Barasa

N.B. Nimekuja ofisini kwako kuileta barua hii, nikakuta umetoka. Karani wako amenieleza kwamba Harun alifika asubuhi kuomba kuhamishiwa Wakrah, akisema hana haja ya kubaki Rayyan peke yake na chumba kizima. Halafu adhuhuri wakafika Eugene na Kiprop, wamekuja pamoja, wakaomba kubaki Rayyan ili Harun asiachwe. Hao wawili hawakujua la Harun, wala Harun hakujua lao. Ukiwakubalia wote, Mheshimiwa, watapishana barabarani. Nami niseme ukweli: tangu tutie saini ule mkataba nimekula ugali peke yangu nyuma ya pazia, katika nchi yangu huru, na haushuki. Naumia. Kwa hiyo naomba barua yangu uihesabu kuwa haikufika. Na kama sheria ya makazi inakulazimisha kututenganisha, basi tafadhali tutenganishe ndani ya chumba kimoja.