Macho ya Bibi Yanaona Gizani

Jumatatu, 1 Desemba
Shule imekwisha. Nitakuwa muuguzi! Tatizo dogo: naona haya hata kumwamkia mwenye duka. Jumamosi wauguzi wa macho watapima watu bure madrasani kwetu, na mkubwa wao, Sista Mejumaa, anatafuta msichana wa kumsaidia. Binamu yangu Ruweida wa Ganjoni anaitaka nafasi hiyo. Ruweida hana haya. Aliwahi kumsahihisha mwalimu mkuu kwenye kipaza sauti.

Lakini mimi nina Bibi. Hushona kofia kwa mkono, na siku hizi maua ya kofia zake yanahama. Mzee Abdulghafur amerudisha yake kwa adabu, akisema kichwa chake ndicho kilichobadilika. Nikimpeleka Bibi akapona, Sista atanijua.

Bibi amekataa. Kasema hawezi kukosea mbele ya jirani yetu Mama Lamis.

Jumanne, 2 Desemba
Nimepata njia! Chati ya kupimia macho pale zahanati ni herufi E tupu, kubwa juu, ndogo chini, meno yakielekea huku na huku. Mgonjwa huonyesha kwa mkono yanakoelekea. Nimeipiga picha, nikaichora, nikaibandika sebuleni. Bibi atafanya mazoezi mpaka hofu imtoke.

Nimemwambia afunike jicho moja kwa kiganja, asichungulie. Amechungulia. Jicho la kulia likifunikwa kwa mkono wa kulia, inabidi aonyeshe kwa wa kushoto. Amegoma. Kasema haonyeshi watu vitu kwa mkono wa kushoto, yeye hakulelewa njiani.

Amekosa karibu zote. Nimemsahihisha moja moja, kwa sauti, kwa upole.

Jumatano, 3 Desemba
Amepata zote! Hata zile ndogo ambazo mimi mwenyewe nazikodolea macho. Kumbe jicho nalo linataka mazoezi.

Ruweida amepiga simu kujigamba kwamba anajua kumulika jicho na kutazama mboni ikinywea. Nikamwambia hongera. Kisha nikamsagia Bibi karoti.

Alhamisi, 4 Desemba
Stima imepotea katikati ya mazoezi. Bibi hakusita: chini, kulia, juu, juu, kushoto. Nimekagua kwa tochi ya simu. Zote sahihi! Gizani! Mwanamke huyu huishika kasida nzima akiisikia mara moja tu, na sasa Mungu amemjalia na macho pia.

Jumamosi, 6 Desemba
Sijui nianzie wapi.

Sista alianza kwa kuuliza maswali: macho yanauma? Yanatoa machozi? Ana sukari? Akamfuta wanja. Bibi akanung'unika kwamba hajatoka uso mtupu tangu harusi yake. Akakalishwa mbele ya ukuta. Chati ilikuwa bado imekunjwa mkononi mwa Sista.

Bibi akaanza. Chini, kulia, juu, juu, kushoto. Kwa mahadhi! Mama Lamis akaitikia mashallah.

Sista akauliza nani kamfundisha. Bibi akanionyesha. Kwa mkono wa kulia.

Ruweida, naye aliyekuja kuitafuta nafasi, alicheka hadi akashika ukuta. Sista akaitundika chati kichwa chini. Bibi hakupata hata moja. Akaambiwa afuate kidole bila kugeuza kichwa, akakifuata. Akamulikwa: mboni zilinywea vizuri, lakini ndani kulikuwa na weupe kama tui. Mtoto wa jicho, yote mawili. Sista kasema operesheni itamsaidia, ila hospitali daktari atampima upya kwanza. Akanitazama akasema kwamba mgonjwa aliyefundishwa majibu hurudi nyumbani na ugonjwa wake. Nilitamani sakafu inimeze.

Bibi kasema hospitali atakwenda, mradi twende pamoja. Ruweida amepewa tochi. Mimi nimepewa kazi ya kuwakalisha wazee mbali, wasisikie majibu ya wenzao.

Jumapili, 7 Desemba
Bibi hakulala. Haogopi kisu, anaogopa kukosea mbele ya daktari. Amenishika mkono akaniomba nisimwache aaibike tena. Ningefanyaje?

Nimechora chati upya: moja ya kawaida, moja kichwa chini, mbili za ubavu. Mama Lamis na shoga zake wamesikia, nao watakuja baada ya alasiri. Bibi amekwishazitungia zote mahadhi.

Safari hii hatutaaibika. Nimemwonya vikali asianze mpaka daktari aikunjue chati.