Kibanja Kisicho na Mgomba Hata Mmoja

Kagondo, Bukoba
6 Machi 1973

Kwa Ndugu Bashiri, Katibu,
Kamati ya Uwanja, Klabu ya Migomba (Daraja la Tatu),
Buhembe.

Ndugu Katibu,

YAH: KUFUNGIWA KWANGU, NA UWANJA WENU KWA JUMLA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kamati yako. Mimi ni mzima ila kwa jambo moja: mmenifungia nisikanyage uwanja wenu mpya mpaka ligi iishe. Siandiki kuomba msamaha. Kukaa mbali na mpira hakunisumbui hata kidogo, maana nimefikisha miaka hamsini na minane bila kuuona na afya yangu ni njema. Naandika kwa sababu kosa ni lenu, na nitalipanga kwa namba ili lisiwapotee.

1. Tangazo. Balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Buberwa, alipita nyumba kwa nyumba akisema Jumamosi saa kumi na moja jioni tufike Buhembe kufungua kibanja kipya cha Migomba. Sasa najua alitaka kusema kiwanja. Lakini Buberwa ni Mhaya kama mimi, na kwetu kibanja ni shamba la migomba linalozunguka nyumba. Kibanja cha Migomba, Ndugu Katibu. Mtu mwenye akili timamu angeelewa nini? Nilielewa ni shamba la ujamaa, nikaja na jembe langu na chipukizi bora la enyoya, ndizi yetu ya kupika, lile ambalo shemeji yangu wa Muleba ameliomba miaka miwili nikamnyima.

2. Chokaa. Nilipofika, watu wote walikuwa upande wa pili wakisikiliza hotuba ya mgeni rasmi. Mbele yangu palikuwa na ardhi tupu iliyopigwa mistari iliyonyooka, na karibu na miti mitatu iliyoungwa kama fremu ya mlango palikuwa na alama ndogo nyeupe. Bwana shamba hutuwekea alama kama hiyo mahali pa kuchimba shimo. Nikachimba. Shimo la futi mbili, kama tulivyofundishwa, nikapanda, nikashindilia udongo. Hakuna aliyenikataza mpaka refa alipokuja kukagua.

3. Penalti. Mnasema nimewanyima ushindi. Ukweli ni kwamba chipukizi langu aliling'oa refa, na shimo mkalifukia ninyi wenyewe kwa miguu, harakaharaka, mgeni rasmi asione. Dakika ya mwisho mshambuliaji wenu Muharami, yule fundi cherehani, alipokwenda kupiga penalti, mguu ulizama mpaka kwenye kifundo, na mpira ukamwendea kipa taratibu kama kuku anayerudi bandani. Mkatoka sare. Je, kosa ni la aliyepanda au la aliyefukia? Mimi nikipanda, udongo hautitii.

4. Mke wangu. Benigna ameimba kwaya kwa miaka ishirini, na kila Jumapili mwalimu wa kwaya humsihi apaze sauti. Jioni ile alisimama juu ya benchi lenu jipya akaita jina la Muharami mara nne, nusu ya Buhembe ikageuka. Jina langu hajawahi kuliita hivyo. Hili liliniuma, nasema wazi.

5. Ardhi. Tumeambiwa siasa ni kilimo. Ninyi mna ekari mbili tambarare, mmezizungushia ua wa matete, na hamvuni kitu humo isipokuwa jasho. Nyasi ambazo akina mama walikuwa wakikata kutandaza migombani leo zinakanyagwa kwa njumu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uwanja huo upandwe migomba, futi kumi kutoka mgomba hadi mgomba. Mpira uendelee humo humo. Mabeki watapata pa kujificha, watazamaji watapata kivuli, na jina la klabu litaacha kudanganya watu. Mkikataa, nitalipeleka shauri hili tawini, kisha wilayani, kisha mkoani, na nikishindwa huko nitafika hata Dar es Salaam.

Nisalimie kamati nzima, na refa pia ingawa hastahili, na Mama Sada auzaye kahawa ya kutafuna mlangoni, na wachezaji wote, hata wa akiba. Benigna naye anawasalimu, tena kwa moyo kuliko ilivyo lazima.

Mimi mwananchi mwenzenu mwenye jembe,
Datius Mwijage

Nimesahau: Nasikia Jumamosi mnacheza na Ngenge. Kama kamati itakaa kabla ya hapo, tafadhali mnifungulie. Hayo ya kupanda migomba yaacheni, niliyaandika kwa hasira. Tangu siku ile silali vizuri. Nikifumba macho naiona penalti. Nitasimama popote mtakaponiweka. Tena, ile sauti iliyotoka nyuma ya choo jana wakati wa mazoezi, ikimwambia namba saba atoe pasi, msihangaike kumtafuta mwenyewe. Ni mimi. Nilikuwa nje ya ua, kwa hiyo sikuvunja adhabu. Na angetoa pasi, lile lingekuwa goli.