Kasha la Alumini la Mheshimiwa

"Wanajumuiya wote wa Al Mansoura, Abu Hamour na vitongoji vyake mnaarifiwa kwamba uchaguzi wa mwaka huu utafanyika kidijitali, kwa kompyuta mpya yenye kasha la alumini. Historia inaandikwa. Mje mapema, na mje mmepiga pasi."

Tangazo hilo lilitua kwenye kundi la WhatsApp watu wakiwa bado wanapiga mswaki. Aliyeliandika ni Augustine Ndirangu, mwenyekiti wa jumuiya ya kusaidiana ya Wakenya wa Doha kwa vipindi viwili na, kwa jinsi alivyojipanga, cha tatu pia. Siku nyingine za juma alikuwa msimamizi wa walinzi kwenye jengo la maduka, ambako watu wasiojua jina lake walimwita "security" na kumwuliza choo kiko wapi. Ijumaa, kwenye chumba cha jumuiya juu ya bakala, duka la vyakula la mtaani, aliitwa Mheshimiwa. Alikipenda kile kiti, jamani. Wazo la kuamka Jumamosi akiwa security mtupu lilimkosesha hata hamu ya chai.

Na mwaka huu alikuwa na mpinzani: Nafula, nesi wa Abu Hamour, mwanamke asiyejua kuhutubia lakini anayejua kutembelea wagonjwa. Ndiyo maana uchaguzi ukawa wa kidijitali. Kura zingepigwa kwa siri kubwa, na matokeo yangefunguliwa kwa nywila ambayo, kwa sababu za kiusalama, ingekaa kichwani mwa Mheshimiwa peke yake.

Shaun, kijana wa jumuiya anayefanya kazi ya kompyuta, aliombwa ushauri.

"Kasha la chuma la kawaida linatosha, Chair. Alumini ni nyepesi na inapendeza macho, basi. Kazi iko ndani. Pesa weka ndani."

Ushauri huo ulipokelewa kwa shukrani na kutupwa. Palepale ikaundwa Kamati Ndogo ya Kasha, mwenyekiti wake akiwa Mwenyekiti, na mjumbe wake wa pekee Ronnie, makamu wake. Kamati ilizuru duka la kompyuta na kufanya utafiti wa kina: Ronnie aliweka shavu kwenye kasha la chuma, kisha kwenye la alumini, ndani ya duka lenye kiyoyozi cha kugandisha masikio.

"Unahisije?"

"Yote baridi, Mheshimiwa."

"Lipi baridi zaidi?"

Ronnie alimtazama bosi wake usoni kwanza. "La alumini."

Ripoti ikatoka: alumini inapoza. Tofauti ya bei ilifidiwa kwa kuondoa feni za kasha, kwani kupoza kitu kinachojipoza ni ubadhirifu wa mali ya umma. Ripoti iliongeza kwamba alumini haishiki kutu, jambo nyeti sana hapa Doha, ambako mvua hunyesha kama imekosea njia.

Kasha lilipofika, Mheshimiwa alilitendea kama kila kitu kipya kinavyotendewa nyumbani. Nailoni ya kiwandani haikubanduliwa, ili upya usitoroke. Juu yake akatandika kitambaa cha kufuma kutoka Nyahururu, cheupe chenye maua, kile ambacho kwao hakuna redio wala kochi lililowahi kukikwepa. Kilishuka pembeni na mgongoni mpaka mezani.

"Chair, umeziba matundu yote," Shaun alisema. "Na hiyo alumini yenyewe haionekani. Sasa tumeinunulia nini?"

"Kijana, kitu cha bei hakiachwi uchi. Watu wanajua iko hapo chini. Inatosha."

Ijumaa ya uchaguzi ikafika, katikati ya Agosti, joto la kuunguza hata kivuli. Mheshimiwa aliamuru mashine iwashwe tangu asubuhi ili kila anayeingia aione ikifanya kazi, kisha akahutubia. Alizungumzia alumini na ndege, alumini na sufuria, alumini na dira ya maendeleo. Watu waliokesha lindoni walilala wakiwa wameketi. Zamu ya Nafula ilichukua muda wa kumeza kidonge.

"Mtu akilazwa, nitaenda. Mtu akifiwa, nitakuja. Ni hayo tu."

Upigaji kura ukaanza. Ronnie alikuwa wa kwanza. Aliketi, akanyoosha kidole kwa madaha, na skrini ikawa nyeusi.

Shaun akaingiza mkono chini ya kitambaa, akautoa mbio. "Imejizima. Joto."

Tuitendee haki alumini. Ilijitahidi kulitoa joto nje, na nje likakuta nailoni na maua ya Nyahururu.

"Tuahirishe," Mheshimiwa akasema, sauti ikianza kumsaliti. "Tuwe na kipindi cha mpito, nikiwa nashikilia ofisi. Miezi sita hivi, mpaka ipoe."

"Si ulisema inajipoza?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Sisi tunangoja."

Wakangoja. Soda zikaisha, mashine haikuwaka. Nafula akauliza kwa upole katiba inasemaje. Katiba, aliyoitunga Augustine mwenyewe, ilisema mitambo ikikosekana, wagombea wasimame na kila mtu apange mstari nyuma ya amtakaye. Mlolongo. Nyumbani njia hiyo iliacha sifa mbaya zamani, kwa kuwa mstari mfupi ulikuwa na mazoea ya kutangazwa mshindi. Lakini chumba hiki kilikuwa kidogo, na kila mtu alikuwa na macho.

Augustine akachagua kusimama kando ya kasha lake, kifua mbele, macho ukutani. Hakutaka kugeuka. Alisikia viti vikisukumwa na viatu vikipita, vikipita tu, na hofu ya kweli ikamshika. Mstari wa Nafula ulikuwa umefika mlangoni, na wengine walikuwa wakijipanga kwenye ngazi.

Halafu akasikia mtu akihema nyuma yake. Akageuka. Ronnie. Machozi yakamlenga mzee mzima.

"Ronnie, ndugu yangu. Mungu akubariki."

"Samahani, Mheshimiwa, sogea kidogo nifikie soketi," Ronnie akasema. "Mwenyekiti amesema tuichomoe kabla haijaunguza meza."

Akachomoa waya, akarudi ngazini kwenye nafasi yake.