Mngurumo wa Kidato cha Pili

Jumatatu, 9 Juni 1997
Wamenguruma tena! Nikigeuka tu kuandika ubaoni, Kidato cha Pili kizima kinatoa sauti kama mashine za kiwanda cha chai. Mmmmm. Nikiwatazama, kimya. Midomo imefungwa, macho ya malaika. Punda hawa! Tangu nije Kimulot kufundisha hesabu sijadharauliwa hivi. Madam Jerusa, mwenzangu wa hesabu, kwake hata nzi hathubutu. Ameniambia mbele ya walimu wote eti nijaribu kuwasalimia nikiingia. Kuwasalimia! Mimi! Mwalimu mkuu naye kasema mkaguzi anakuja Ijumaa, na darasa lisipotulia, Kidato cha Nne mwakani atapewa mtu mwingine. Alisema huku akimtazama Jerusa. Niliona.

Jumanne, 10 Juni
Adhabu. Nimewapeleka wote kwenye shamba la chai la shule kung'oa magugu, mvua ikinyesha. Wameshangilia! Yule msichana wa shingo ndefu akaanzisha wimbo wa Kikipsigis. Sikuelewa neno, ila jina langu, "Kepher", nililisikia vizuri, na kila likitajwa wanashika mbavu. Viatu vyangu vimejaa tope. Mwalimu mkuu akapita, akanipongeza kwa kuwachangamsha watoto. Nusura nizimie kwa hasira.

Jumatano, 11 Juni
Nimepata dawa. Nisigeuke! Nimefundisha nikiwatazama machoni, mkono nyuma, chaki ikiandika yenyewe. Kimya kabisa. Nikajiona mjanja. Nilipogeuka kuangalia kazi yangu, sehemu na desimali zimepandana kama mbuzi wa soko la Mulot, na nusu ya hesabu iko mgongoni mwa koti langu jipya. Yule mvulana wa dirishani akauliza, kwa adabu iliyopita kiasi, kama hiyo ya kwenye koti itatoka kwa mtihani.

Alhamisi, 12 Juni
Nimempata mpelelezi: Kipkurui, kiranja wa darasa. Alininong'oneza kwamba anayenguruma ni yule wa dirishani. Nje! Nikageuka. Mmmmm. Nikamtoa wa shingo ndefu. Mmmmm. Nikaanza kutoa dawati baada ya dawati. Nje! Nje! Hatimaye akabaki Kipkurui peke yake, kakaa wima, kitabu wazi mbele yake. Nikageuka ubaoni nikitabasamu.

Mmmmm.

Nilipomrukia, akasema, "Mwalimu, wenzangu wote wako nje. Sasa nani angemalizia?"

Na ni nani amesimama mlangoni? Mwalimu mkuu. Na mkaguzi, ambaye amekuja siku moja kabla! Mkaguzi akawauliza waliokuwa nje kuna shida gani. Yule wa shingo ndefu akajibu, bila kucheka hata kidogo. "Anatuita punda kila asubuhi. Mimi ananifundisha tangu mwaka jana, na jina langu hajui."

Mkaguzi akanigeukia. Nalijua au silijui?

Nikasema nalijua sana. Nikasema ni Joan.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Msichana akaangalia viatu vyake. Kumbe anaitwa Chepkemboi. Sasa mtu atajuaje jina la mtu asiyejitambulisha? Kiburi tu!

Ijumaa, 13 Juni
Jerusa amepewa Kidato cha Pili. Na cha Nne mwakani. Mimi nimepewa cha Kwanza. Mwalimu mkuu ameniomba, tafadhali, nianze kwa kujua majina yao. Nimekubali. Mimi si mtu wa kushindana.

Nimeingia. Wote wakasimama, wakanisalimia vizuri. Vizuri mno. Kasichana fulani ka mbele kakatabasamu. Nikauliza nini kinachochekesha. Kakasema hakuna, kamefurahi tu kupata mwalimu mpya.

Kamefurahi! Dharau ya waziwazi! Nikakatoa nje. Jirani yake akashangaa, naye nikamtoa. Kufikia chai ya saa nne walikuwa wamebaki watatu darasani, na hao watatu, jinsi walivyokuwa wakinyamaza, siwaamini hata kidogo.