Maswali Thelathini na Saba ya Kuwashwa

Jumatatu, 4 Mei

Roho juu! Mkuu wa kitengo ametangaza: wiki ijayo watafiti wa ngozi kutoka kila upande wanakutana hapa kwetu kuchagua kipimo cha ukurutu. Kimoja tu! Kliniki hii inahesabu mabaka, ile inapima wekundu, nyingine inauliza kuwashwa, na hakuna anayeweza kulinganisha dawa ya huyu na ya yule. Kweli kabisa. Basi wote watumie kipimo changu. Maswali thelathini na saba, nimeyatunga mwenyewe, kila moja nalipenda. Kisipopita, utafiti wangu wa miaka yote hautaweza kulinganishwa na wa mtu mwingine. Nitabaki na makabati ya karatasi.

Mpinzani ni mtafiti wa chumba cha pili. Tunamwita Rula, maana hatoki bila rula mfukoni. Kipimo chake kina maswali saba. Saba! Uvivu mtupu.

Mke wangu anasema mtu anayejikuna hawezi kuvumilia maswali thelathini na saba. Hakuna aliyemuuliza.

Jumatano, 6 Mei

Njia imepatikana! Kumbe wagonjwa nao wana kura. Nimemwandikisha Shangazi, dada mkubwa wa baba, mwenye ukurutu mikononi tangu mimi niko darasa la kwanza. Akauliza kama kutakuwa na chakula. Nikasema kipo. Akasema basi kipimo changu ndicho bora.

Kufika mchana, furaha imeyeyuka. Kila kipimo kitajaribiwa mbele ya kikao: mgonjwa yuleyule aulizwe na watu wawili, na majibu yasipishane. Nikajaribu haraka. Nilipomuuliza mimi, Shangazi alipata alama tisini. Hali chakula, halali usiku, machozi yanamtoka. Alipoulizwa na muuguzi wetu, alama kumi na mbili. Mzima, anamshukuru Mungu.

Nikamvuta kando. Kumbe kwangu alikoleza ili nisiaibike mbele za watu. Naye muuguzi, Shangazi anamwogopa, maana humgombeza kila akigundua kwamba hapaki dawa. Ukurutu ni mmoja, mikono ni ileile, ila majibu yanategemea nani anauliza!

Muuguzi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Kamgombeza papo hapo. Anasema kuanzia leo atampaka dawa mwenyewe, asubuhi na jioni. Sina muda na mambo ya dawa. Nina kikao.

Mkono wangu wa kushoto unawasha. Labda sabuni.

Jumapili, 10 Mei

Mimi ni kichwa! Shangazi anakariri majibu. Aulizwe na nani, aulizwe lini, atajibu yaleyale. Tumeshinda tangu asubuhi mezani kwake. Ana akili huyu mama! Namtajia swali la tisa, analijibu huku anakunja nguo.

Mara mbili alitaka kunieleza habari za usiku. Nikamwomba aache, asije akachanganya swali la ishirini. Leo ni mchangamfu ajabu, anacheka hovyo. Nadhani ni raha ya kujua majibu.

Sasa shingo nayo inawasha. Na Alhamisi ndiyo kikao.

Alhamisi, 14 Mei

Nimekwisha.

Ilianza vizuri mno. Nilimuuliza mimi: tisini. Akaulizwa na daktari mgeni: tisini. Hata pumzi alizivuta mahali palepale. Ukumbi ukapiga makofi. Nikainama kidogo kushukuru.

Ndipo Rula, kwa adabu zote, akamwomba Shangazi akunje mikono ya gauni.

Laini! Mikono laini kabisa, hakuna baka hata moja. Mwenyekiti akauliza inakuwaje mtu analia kwa kuwashwa huku ngozi iko hivi. Shangazi akaniangalia kwa huruma.

“Hayo ni majibu ya mwanangu,” akasema. “Nimeyashika vizuri, si ndiyo? Yangu mimi ni haya: nalala. Tangu huyu muuguzi aanze kunipaka, nalala mpaka kunakucha. Nilikuwa nimeshasahau. Jumapili nilitaka kumwambia mwanangu, akasema nitachanganya majibu.”

Akafuta macho. Muuguzi naye. Nami niliona aibu, aibu ya kweli, nikatamani kumshika ile mikono. Lakini walikuwa wanahesabu kura.

Cha Rula kimepita. Changu kimepata kura moja, na naijua ni ya nani. Shangazi naye kampa Rula. Anasema kwenye jaribio la kipimo chake, yule alimuuliza maswali saba, kisha akanyamaza kumsikiliza. Halafu Shangazi akaenda kula.

Jumatatu, 18 Mei

Mimi ni mgonjwa rasmi. Ukurutu: mikono, shingo, nyuma ya magoti. Muuguzi amenipima kwa kile kipimo cha Rula, nikavumilia. Akauliza kama napaka dawa. Nikamwambia napaka, asubuhi na jioni. Kopo bado halijafunguliwa. Nitapata wapi muda?

Maana kosa nimeliona. Maswali yalikuwa machache! Hakukuwa na swali linalouliza kama mikono ni laini. Nimeongeza hilo na mengine kumi na mawili, sasa yametimia hamsini. Mwakani kikao kingine kinachagua kipimo cha chunusi, na maswali yangu yanaweza kugeuzwa.

Nimempigia Shangazi aje tuanze kukariri. Nimepiga tena na tena. Mwishowe akapokea jirani yake, akanong'ona kwamba nisubiri. Bibi amelala.