Utepe wa Nne na Binti Asiye na Jina

Oberwehle,
Jumanne, tarehe 2 Novemba.

Kwa Mwenyekiti Ruhnau,
Chama cha Watafiti wa Nishani na Tepe za Zamani,
Chumba cha nyuma, Mkahawa wa Kulungu.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na miwani yako imeshapatikana. Mimi ni Jette, mke wa Henning Ahlswede, katibu msaidizi wa chama chako. Tulikutana kwenye kikao cha mwaka, mwezi wa Mei. Mimi ndiye niliyeleta keki ya tufaha, na wewe ndiye uliyekula vipande vitatu ukasema kesho unaanza kujizuia. Sikusoma sana. Nilimaliza darasa la tisa nikaenda kufanya kazi kwa dobi, huko nikafundishwa kupiga pasi na kutia viraka mpaka kazi isionekane. Kwa hiyo ukikuta sentensi imekaa upande, nisamehe, uangalie nia.

Nalalamika kwa heshima zote. Binti yangu ana wiki nne, ananyonya vizuri, ana nywele kama manyoya ya kifaranga, na hana jina. Hana jina kwa sababu yenu.

Jambo lenyewe unalijua, lakini nalieleza upya ili likisomwa kikaoni lieleweke hata na wale ambao siku hizo hawakuwepo au walikuwepo na bia.

Mwezi wa Machi Henning alinunua safu ya tepe kwenye soko la vitu vya kale la Jumapili, mvua ikinyesha, bila hata kuiangalia vizuri. Safu ya tepe ni kile kipande chembamba cha bati kilichoshonewa vipande vya utepe wa rangi, ambacho mwanajeshi alikibandika kifuani siku ambazo nishani zenyewe zingemlemea. Hii ni ya enzi za Kaisari wa Ujerumani, kabla ya mwaka 1918. Vitu vya utawala katili uliokuja baadaye Henning havigusi, na nampendea hilo. Ina tepe tano. Nne kati ya hizo kila mwanachama anazitambua akiwa amefumba jicho moja. Tatizo ni ule ulioshika nafasi ya nne, wa kijani, wenye kingo nyeupe na uzi mmoja wa dhahabu katikati. Huo haumo katika kitabu chochote.

Mpangilio wa tepe, Henning anasema, haubahatishwi. Kila moja ina cheo chake, na mtu hakuruhusiwa kuzipanga apendavyo. Ukishazitambua zote, safu inakuwa kama anwani. Unafungua madaftari ya zamani ya maafisa, unatafuta nani alipewa hizi na hizi, na jina linatoka. Kwenye kikao cha Mei, furaha ya mimba yangu ikiwa imempanda kichwani pamoja na vingine, Henning alisimama juu ya kiti akaapa kwamba mtoto wetu atapewa jina la yule ambaye utepe wa nne utamtambulisha. Mkapiga meza. Bi. Imhoff akaandika kwenye kumbukumbu, ukurasa wa arobaini na moja. Hata mimi nilipiga meza. Nilidhani mngempata kufikia Juni.

Sasa msajili wa vizazi ameniambia, kwa upole kabisa, kwamba sheria inatupa mwezi mmoja. Mwezi unaisha Ijumaa, na Ijumaa ofisi yake inafungwa saa sita mchana. Kikao chenu ni Alhamisi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwa daktari wa watoto jalada limeandikwa "Msichana Ahlswede". Wiki iliyopita muuguzi alichungulia mlangoni akaita, "Asiye na jina, aingie." Mzee mmoja aliyekuwa amemleta mjukuu akaniuliza kama tumejiunga na dini fulani. Nikamwambia hapana, ni mambo ya utepe. Akasogeza kiti.

2. Majina yenyewe. Bwana Hasselbrink, ambaye alikuwa mfamasia na hakosei, anashikilia kwamba mwenye safu ni meja mmoja aitwaye Leberecht. Bi. Imhoff, ambaye alikuwa mwalimu wa historia na hakosei pia, anasema ni mhasibu wa jeshi aitwaye Gotthilf. Wewe mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti, ulisema "mimi siegemei upande wowote", halafu ukaleta daktari wa farasi aitwaye Wunibald. Sina neno na marehemu hao. Lakini wangu ni msichana. Nilipomkumbusha Henning akanijibu, "Basi tunaongeza mkia tu. Leberechtine. Gotthilfine. Wunibalda." Nimeyajaribu yote kwa sauti nikimbadilisha mtoto nepi. Kwenye Wunibalda alicheua.

3. Henning naye akafanya jaribio lake. Alimsomea mtoto majina matatu kwa sauti ileile, na kwenye Gotthilfine mtoto akatabasamu. Ilikuwa ni gesi tumboni. Nilikuwa nimemshika mimi, matokeo niliyasikia. Hata hivyo Bi. Imhoff aliandika kwenye kumbukumbu kwamba "mhusika ameonyesha mwelekeo", naye Bwana Hasselbrink akapinga kwa maandishi kwamba shahidi ana umri mdogo na ana maslahi.

4. Bwana Hasselbrink ameandika kurasa kumi na moja kuhusu utepe wa nne. Anasema ulitolewa na mtawala mmoja wa nchi ndogo sana, mara moja tu, kwa mtu mmoja tu, kisha mtawala akasahau. Nilimuuliza kwa nini hauonekani popote. Akanijibu, "Binti yangu, hilo ndilo linalothibitisha." Anataka kuzichapisha, ila anasubiri tanbihi moja kutoka kwenye maktaba fulani. Mwanangu hawezi kuendelea kuitwa "wewe" kwa ajili ya tanbihi.

5. Mkunga wetu alipokuja kupima uzito aliikuta safu mezani. Akaishika na vidole vyenye krimu ya mtoto, akasema, "Huu wa kijani si kama ule wa kufungia zawadi?" Henning akamwambia, "Mama, wewe pima mtoto." Nami nilimtetea mume wangu, nikasema vitu hivi vina wataalamu wake. Yule mama akasema, "Haya, wataalamu. Kilo nne na gramu mia. Niandike jina gani?" Mtaalamu wangu akaenda kuchemsha kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

6. Bibi yangu Ottilie, aliyenilea, ana miaka tisini na mmoja na anapiga simu kila siku akishakunywa chai.

"Leo anaitwaje?"

"Bado, Bibi."

"Huyo mwanajeshi hajajitokeza?"

"Bado."

"Mbona anachelewa, na vita vimeisha? Mwambie mumeo mimi nimejitokeza, na cheti changu cha kuzaliwa kipo kabatini."

Tangu mwanzo mimi nilitaka Ottilie. Henning alinishika mkono, kwa upendo kabisa, akasema, "Mpenzi, Ottilie ni jina zuri, lakini halina ushahidi wowote kwenye safu."

7. Hili ndilo kubwa. Henning anasema kazi yenu ni kazi ya huruma. Mtu amekufa, amezikwa, amesahauliwa, kimebaki kipande cha utepe sokoni ndani ya boksi la vijiko, na nyinyi mnamtafuta mpaka mnamrudishia jina lake. Aliponieleza mara ya kwanza nilitoa machozi, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kukubali kuolewa naye. Bado naamini hivyo. Lakini, Ndugu Mwenyekiti, yule amekaa bila jina miaka mia moja na halii. Huyu wangu analia.

Kwa hiyo naomba chama kifanye moja kati ya haya, nami nimeyapanga kwa vyeo maana najua mnapenda mpangilio. Kwanza, Alhamisi mnyooshe mikono mumchague mtu mmoja, na atakayeshindwa anyamaze mpaka Jumatatu. Ikishindikana, mtafute marehemu mwingine ambaye jina lake linaingia kwenye keki ya ubatizo. Kwenye madaftari yenu wako maelfu, haiwezekani wote waliitwa Wunibald. Huyo mwingine hata kama utepe si wake hatakasirika, na mimi sitamwambia mtu. Ikishindikana hiyo nayo, uje wewe Ijumaa asubuhi kwa msajili na muhuri wa chama, umweleze mwenyewe habari za uzi wa dhahabu. Na ikishindikana yote, nitamwandikisha mtoto kwa jina pekee ambalo wanachama wote mnalikubali, yaani Utepe wa Nne Ahlswede, na akikua akiuliza kwa nini, nitampa anwani yenu.

Sina uchungu na mtu. Najua mtafanya vizuri, maana watu wanaoweza kubishana miezi sita juu ya kitu chenye upana wa kidole hawawezi kukosa moyo.

Nisalimie mkeo, na Bi. Imhoff, na Bwana Hasselbrink na goti lake, na mhudumu wa Kulungu anayevumilia vikao vyenu, na yule mwanachama anayelala kwenye kona ambaye jina lake nalo silijui. Mtoto anawasalimu pia, bila saini kwa sasa.

Ni mimi, mwenye subira ya mpaka Ijumaa saa sita,

Jette Ahlswede

Nyongeza, Jumatano asubuhi.

Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Kisha nikaona si vizuri kuwalalamikia watu mikono mitupu, nikawaokea keki ndogo za asali. Nilipofungua kopo langu la kushonea nitafute cha kufungia boksi, nikakuta kipande cha utepe wa kijani, wenye kingo nyeupe na uzi mmoja wa dhahabu katikati.

Sasa nimekumbuka. Ile Jumapili ya Machi Henning alikuja amelowa, na safu aliitia kwenye mfuko wa shati. Jumatatu shati likaingia kwenye mashine, nami nilikuwa na kichefuchefu cha mimba changa, sikupekua mifuko. Utepe mmoja ulitoka umechanika vibaya. Niliona aibu kumrudishia mume wangu kitu kibovu, nikautoa, nikashona mwingine wa upana uleule kutoka kwenye kopo, kwa mshono wa kwa dobi. Akaikuta safu juu ya meza, akasema, "Kumbe ni safi hivi." Nikafurahi, nikasahau. Ule wa zamani ulikuwa wa buluu, nadhani. Au kijivu. Niliutupa pamoja na nyuzi.

Kwa hiyo naomba malalamiko nambari 2, 3, 4 na 5 yasisomwe kikaoni. Mkunga nitamwomba radhi mwenyewe. Bwana Hasselbrink aambiwe akiwa ameketi, na baada ya kula keki, siyo kabla.

Ila kiapo cha ukurasa wa arobaini na moja kibaki kama kilivyo. Utepe huu wa kijani ulikuja kwetu Krismasi umefunga keki za asali, na ulikuwa umebandikwa kikaratasi chenye mwandiko wa kutetemeka: "Utepe urudishwe. Ottilie." Kikaratasi bado kimo kwenye kopo. Nimempa Henning akisome. Amekisoma kwa lenzi mara mbili, amekigeuza nyuma. Kisha amekwenda kumnyanyua mtoto, akamwambia sikioni, "Ushahidi huu hapa."

Bibi ameshapiga simu kama kawaida. "Leo anaitwaje?" Nimemwambia avumilie mpaka mpige kura kesho, lakini aanze kuzoea, maana tukiita wataitika wawili.

Kipande kilichobaki cha utepe nimekifungia boksi la keki, ili wanachama wajionee wenyewe. Utepe urudishwe.